Jina Katika Karatasi ya Marehemu

Kwa watu wa Masakta, Efrazia alikuwa mwanamke wa sala. Akishika zamu yake kwenye jumuiya, wenye maharage motoni walianza kutazamana, maana yeye hakuwa mtu wa kusali Baba Yetu moja akanyamaza. Aliombea mvua, aliombea wagonjwa, aliombea wafungwa. Hata madereva wa matrekta ya shamba la ngano aliwaombea, ingawa vumbi lao lilichafua nguo alizoanika kila siku ya Mungu. Mwisho kabisa, sauti ikiwa imeshuka, aliombea yatima. Hapo hata wenye maharage walitulia, kwa sababu yatima mwenyewe alikuwa amekaa pale pale ubavuni kwake, na kila mtu alimjua.

Efrazia alizaliwa Tlawi, juu kwenye baridi, akateremka Hanang akiwa mke wa Sulle. Walikaa miaka kumi na sita bila mtoto. Kisha Sulle akafariki, akamwachia nyumba, shamba la mahindi na ng'ombe watatu. Watu wakasema atarudi kwao. Thubutu! Alibaki, akalima, akasali.

Mwaka wa sabini na tisa, wakati matrekta ya serikali yalipokuwa yanameza tambarare kidogo kidogo, alikuja mlangoni kwake mfugaji mmoja Mbarabaig, jina lake Gidahosh. Hakuwa mgeni. Kwa miaka walikuwa wakibadilishana, yeye maziwa, Efrazia mahindi. Safari hii alikuwa amebeba kichanga cha kike ndani ya ngozi ya ndama. Mke wake alikuwa amekufa wiki tatu nyuma, katika kujifungua.

"Shikamoo, mama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kifupi. "Pale nachunga wamelima. Ng'ombe naenda nao Igunga. Mtoto hawezi safari. Kaa naye. Mvua ikinyesha narudi."

Efrazia akampokea mtoto, akamlisha maziwa kwa kijiko. Mvua ikanyesha, ikanyesha ya pili, ikanyesha ya tatu. Kisha mtu mmoja akaja mnadani na habari kwamba Gidahosh ameuawa na wezi wa ng'ombe. Efrazia alilia kweli kweli. Akaomba misa ya marehemu, akambatizisha mtoto kwa jina la Imakulata, akamfundisha kila jioni kumwombea baba yake raha ya milele. Hapo hakuwa na kosa lolote.

Tena alikuwa na furaha, kwa nini tufiche? Mwanamke aliyeitwa mjane wa Sulle sasa aliitwa Mama Imakulata. Mara ya kwanza kuitwa hivyo ilikuwa kisimani, na ndoo ilijaa ikamwagika yeye amesimama tu.

Imakulata alikuwa na miaka mitano lori liliposimama mbele ya nyumba. Dereva, kijana aitwaye Basili, alikuwa akisafiri Singida mpaka Igunga.

"Mama Imakulata, nina habari njema. Gidahosh hajafa! Nimekunywa naye chai Igunga. Ng'ombe wake wameisha kwa ugonjwa, sasa anachunga wa watu. Anamuulizia mtoto. Anaona aibu kuja mikono mitupu, lakini akipata japo ng'ombe wawili, anakuja kumchukua."

Imakulata alikuwa nyuma ya nyumba akifukuza kuku. Efrazia alisikia kelele zake, akasogea karibu na lori, akashusha sauti.

"Mwambie mtoto ni mzima."

"Hilo tu?"

"Hilo tu, mwanangu. Nenda, usichelewe safari."

Basili akaenda. Baadaye akahamishiwa njia nyingine, asionekane tena. Efrazia akajiambia kwamba atamwambia mtoto kesho. Kesho yake palikuwa na palizi. Jumapili wakaja wageni. Mnajua wenyewe kesho za namna hiyo zinavyokwenda.

Tangu siku hiyo sala ya jioni ikawa mzigo. Mtoto alipiga magoti, akafumba macho, akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "Raha ya milele umpe baba yangu Gidahosh, ee Bwana." Na Efrazia, ambaye Masakta nzima ilimtegemea kwa sala, alilazimika kuitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie." Akamwombea hivyo mtu mzima mwenye afya zake, aliyekuwa Igunga anachunga ng'ombe. Kuna siku alifanya vibaya zaidi. Alibaki amepiga magoti peke yake, akamwomba Mungu ng'ombe wa yule mtu wasizae. Aliposikia alichokisema aliona haya, lakini hakukifuta.

Miaka minne ikapita hivyo.

Novemba ya mwaka themanini na nane, Isidori, katekista wa kigango, akatangaza kama kawaida kwamba ni mwezi wa marehemu, kila familia ilete majina yasomwe Jumapili. Imakulata alikuwa darasa la tatu. Akachana karatasi katikati ya daftari, akalala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, akaandika mwenyewe. Akaleta.

"Mama, nimeandika vizuri?"

Sulle alikuwa wa kwanza. Wa pili Gidahosh, herufi kubwa zimenyooka. Mama mzazi hakuandikwa kwa jina, ila "Mama yangu aliyenizaa", kwa kuwa Efrazia alimjua kama mke wa Gidahosh tu, jina lake hakuwahi kulisikia.

"Umeandika vizuri," akasema Efrazia.

Jumapili kanisa lilijaa. Padri hakuwepo, aliongoza Isidori. Kila jina likisomwa, mmoja wa familia alikwenda mbele kuwasha mshumaa. Efrazia alijiambia avumilie, ni jina tu, linasomwa linapita. Isidori akasoma Sulle, Imakulata akaenda, akawasha, akabaki kule mbele na mishumaa miwili mkononi, amevaa gauni la Pasaka lililoanza kumbana mabegani. Akageuka kumtafuta mama yake kwa macho, akatabasamu, amejaa fahari kwamba yeye naye ana mtu wa kumfanyia kitu.

"Gidahosh," akasoma Isidori.

"Lifute hilo jina!"

Kanisa zima likageuka. Efrazia alikuwa amesimama, ameshikilia benchi la mbele.

"Nilifute kwa nini, Mama Imakulata?"

"Yuko hai. Yuko Igunga. Najua mwaka wa nne huu, na nimenyamaza."

Mzee mmoja alicheka akidhani ni utani, akaona uso wa Efrazia, akaacha. Isidori alichukua kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Imakulata alikuwa bado amesimama na mishumaa yake miwili, hajui awashe mmoja au airudishe.

Kurudi nyumbani mtoto alitangulia. Siku nyingine walitembea wameshikana mikono. Walipofika uani akageuka. Hakuwa analia.

"Na mama yangu? Naye yuko Igunga?"

Mungu wangu! Efrazia alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, kwa mtoto kukimbia. Hili hakulifikiria.

"Hapana, mwanangu. Yule alifariki kweli. Nilikuwepo, waliniita nisaidie. Nilimshika mkono mpaka ukapoa."

"Hata baba ulisema alifariki kweli."

Mwanamke aliyeweza kusali nusu saa bila kuvuta pumzi alikosa sentensi moja ya kumfanya mtoto wa miaka tisa amwamini. Na safari hii alikuwa anasema kweli tupu.

"Nionyeshe kaburi," akasema Imakulata.

Wakaenda, saa nzima kwa miguu. Ngano ilikuwa imeshavunwa na ardhi imegeuzwa kwa majembe ya trekta, nyeusi, imelala wazi mpaka macho yanapoishia. Efrazia hakuwa amefika huko tangu siku ya mazishi. Alikumbuka boma la Gidahosh lilikuwa karibu na mgunga mkubwa, na kaburi liliwekewa mawe. Mgunga ulikuwa umeng'olewa. Mawe yote ya tambarare yalikuwa yamesukumwa pembeni, rundo moja refu mpakani mwa shamba.

"Wapi?" akauliza mtoto.

Ingekuwa rahisi sana kunyoosha kidole. Hapa, mwanangu, piga magoti. Nani angembishia? Mtoto angepata pa kulilia na yeye angepata kuaminiwa. Kidole kilikwishaanza kuinuka. Efrazia akakishusha.

"Sijui," akasema. "Ni humu. Lakini wamelima, sijui tena ni wapi. Nisamehe."

Imakulata alimtazama muda mrefu, kisha akalitazama shamba, upande huu mpaka upande ule. Halafu akakaa kwenye madongoa na gauni lake la Pasaka, akaanza kumlilia mama yake. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu waliofiwa leo. Efrazia akajua kwamba ameaminiwa, na hakuthubutu kumgusa. Alikaa chini hatua chache kutoka kwake, akalia naye.

Walipotulia, mtoto akafuta pua kwa mkono.

"Baba atapelekewa habari?"

"Isidori alisema pale kanisani, kesho atamtuma mtu."

"Akija utamwambia ulivyofanya?"

"Nitamwambia."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Imakulata alichukua dongoa, akalivunja taratibu vidoleni.

"Na akisema niende naye?"

Swali lile lile Efrazia alikuwa amelikimbia miaka minne. Sasa lilikuwa limekaa mbele yake, lina vumbi usoni na kamasi puani, linasubiri jibu.

"Utakwenda, mwanangu. Ni baba yako."

"Wewe utalia?"

"Nitalia mpaka Tlawi wanisikie," akasema Efrazia.

Mtoto akasogea, akakaa karibu yake.