Meza Isiyotoka Mlangoni

Harufu ya mninga uliopasuliwa punde hunitia hasira. Najua ni jambo la ajabu. Watu wengi wakipita kwenye karakana ya seremala husimama kidogo, wakavuta pumzi, wakakumbuka kitanda chao cha harusi au mlango wa nyumba mpya. Mimi nikiipata harufu ile kavu, yenye utamu kwa mbali, namkumbuka Baba mkubwa Jumbe, kaka yake baba yangu, amevua kofia na jasho linamtiririka hadi ndevuni. Kisha hasira hupungua, nikajikuta nacheka peke yangu barabarani. Nitawaeleza sababu, na mkiniona nina kinyongo, mtakuwa mmeniona sawasawa.

Tulikaa Utemini, mjini Singida, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga chumba kwa chumba, kila mfuko wake ulipopata nafuu. Alikuwa mfanyabiashara wa alizeti. Alizunguka Iguguno na vijiji vya jirani akinunua magunia, na safari moja alirudi kutoka Itigi na mbao pana za mninga, nyekundu, nzito, akazipanga darini juu ya vichwa vyetu. Alisema siku moja zitakuwa milango. Hazikuwahi kuwa milango. Aliugua majuma mawili tu, akafariki, nami nilikuwa na miaka minane.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalipoanza kujaa redio, vitambaa vya kung'aa na sabuni za kila rangi. Baba mkubwa alikuwa na duka karibu na soko, na katika mtaa wetu yeye ndiye wa kwanza kuuza viti vyeupe vya plastiki. Alivipanga nje kimoja juu ya kingine mpaka vikapita kimo chake. Nilivitamani viti vile kuliko peremende.

Mwezi haujaisha tangu tumzike baba, Baba mkubwa akaja na mkokoteni na vibarua wanne. Mama alikuwa eda. Kwa jinsi tulivyolelewa, mjane wa eda hukaa ndani, hatoki kwenda kukabiliana na wanaume, sembuse kupiga nao kelele. Baba mkubwa alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana hakusubiri. Alisimama sebuleni akatangaza kwa sauti ya msikitini kwamba mali ya marehemu ina wenyewe, kisha akaanza kunyoosha kidole.

Mama alikaa chumbani kitandani, na shangazi Fatuma kando yake. Mimi nilichungulia penye pazia. Hata bila mimi mama alikuwa anajua kinachotoka, maana alisikia kila kitu. Kabati lilipokwama mlangoni, kibarua mmoja alipaza sauti, "Lilaze ubavu! Lilaze ubavu!" Likapita. Ilipofika zamu ya meza ya kulia chakula, yule yule akasema, "Mguu kwanza, halafu uzungushe!" Ikapita nayo, mguu mmoja baada ya mwingine, kama mbuzi anayetolewa zizini. Yakaenda makochi, ikaenda cherehani ya mama. Nilimwombea Baba mkubwa kabati limwangukie kwenye vidole. Halikumwangukia. Tulibaki na kitanda, sufuria, na zile mbao za darini, ambazo hakuna aliyekumbuka kuinua kichwa kuzitazama.

Kuanzia siku ile nilimnyima shikamoo. Mnaotoka kwetu mnajua uzito wa jambo hilo. Nikitumwa sokoni nilivuka barabara ili nisipite mbele ya duka lake, na akiniona kwa mbali nilijifanya natafuta kitu mchangani. Ilikuwa silaha pekee niliyokuwa nayo, na niliitumia kila siku.

Eda ilipokwisha, mama alifungua mlango wa sebule, akakaa sakafuni katikati ya chumba kitupu. Alikaa hivyo siku tatu, akinyanyuka tu kupika na kuswali. Siku ya nne aliniambia, "Zaituni, hapa patakuwa chumba cha kushonea." Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa marobota, makoti mapana ambayo ndani yake ungeweza kuwaficha watoto watatu. Mama aliona kwamba koti moja la namna ile linatoa kaptula mbili na gauni. Alianza kwa sindano ya mkono, usiku na mchana, mpaka akapata cherehani nyingine, kuukuu, ya kuzungusha kwa mkono. Sasa alitaka samani za chumba chake.

Tulikwenda wote kwenye karakana za mafundi. Mteja wa kawaida akitaka kujua kama kiti ni imara, hukikalia, akajitikisa kidogo. Mama hakukalia kitu chochote. Alishika kila samani upande mmoja akainyanyua. Ikinyanyuka, alitikisa kichwa na kusonga mbele. Alinyanyua meza, makabati, mabenchi, hata kitanda cha watu. Mafundi walitazamana. Mmoja aliuliza kwa upole, "Mama, unatafuta fanicha au unapima nguvu?"

Nikamwomba kiti cha plastiki, walau kimoja, kwa ajili ya wateja. Aliniangalia kama nimetukana. "Kiti cha plastiki hata wewe unaweza kukimbia nacho," alisema. Nikanuna mpaka tukafika nyumbani, maana niliona huo ndio uzuri wake.

Mwishowe alimwita fundi Ntandu, mzee mfupi wa Unyambwa, mpole, mwenye penseli sikioni hata akiwa anakula. Kabati mama alilikataa. Badala yake fundi alichonga mashubaka ukutani, ya kuweka vitambaa. Benchi la wateja lilijengwa kwa matofali kando ya ukuta na kupigwa saruji. Ikabaki meza ya kukatia. Mama alipanda darini, akashusha mbao za baba moja moja. Kisha nikamwona anachukua uzi mweusi na kupima milango miwili ya chumba kile, wa barazani na wa ndani. Alipima upana, akapima kimo, halafu akavuta uzi kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu, akaufunga fundo.

"Nataka meza pana, ya kimo cha kiuno changu," alimwambia fundi. "Na miguu yote ifungwe kwa ubao chini, niwe napanga marobota."

"Niunganishie uani, kwenye nafasi?"

"Unganishia humu humu ndani. Weka na gundi, na vigingi vya mbao, usiache msumari wa kung'oa."

Fundi Ntandu alimtazama mama, akautazama mlango, akamtazama tena mama. Akaitoa penseli sikioni taratibu. "Haya, Mama Zaituni," alisema, akaanza kupiga mistari kwenye mbao.

Meza ilipokamilika ilijaza chumba kama ng'ombe aliyelala. Mtaa mzima ukaja kuitazama, na mtaa mzima ukacheka. Ilisemekana mwanamke hajui vipimo, kaunda meza kubwa kuliko mlango, siku ya kuhama atahama na nyumba. Mama Neema, jirani yetu, ambaye hajawahi kuficha neno mdomoni, alimwambia waziwazi, "Shoga, hapa fundi amekula mbao zako bure." Mama alitabasamu, akaendelea kukata. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliamini kama wao kwamba mama amekosea, na shuleni nilipigana na msichana mmoja kwa ajili ya meza ile.

Wateja walikuja. Walikuja wa Utemini, wakaja na wa mbali, wakikaa kwenye benchi la saruji wakisubiri kaptula za watoto. Habari zikafika dukani kwa Baba mkubwa, na pamoja nazo habari kwamba meza ya mke wa marehemu ni ya mninga. Akakumbuka mbao za Itigi.

Alikuja Jumamosi asubuhi, chumba kimejaa wanawake. Mkokoteni ule ule, vibarua wanne tena. Nilitaka kukimbilia uani lakini mama alinishika bega. "Msalimie baba yako mkubwa."

"Shikamoo," nilisema, macho yangu yakiwa kwenye mkokoteni.

"Marahaba." Hakuniangalia. Aliigonga meza kwa kiganja. "Shemeji, mbao hizi ni za mdogo wangu. Cherehani ni yako, sina neno nayo. Meza naichukua."

Mama Neema, aliyekuwa amekuja kupimwa, alisimama na futi ya kitambaa bado inamning'inia shingoni. Bila meza ile mama angerudi kukata vitambaa sakafuni, na wateja wenye nguo za maana wasingekubali zikatiwe chini. Tungerudi kwenye sindano ya mkono na uji wa chumvi.

Mama aliweka mkasi chini. "Shikamoo, shemeji. Kama unaona ni yako, siwezi kukuzuia. Ichukue nzima, kama ulivyozichukua zile nyingine. Lakini ukiivunja humu ndani utakuwa hukuja kudai, umekuja kuvunja nyumba ya yatima, na hawa wote wanaona."

"Nani avunje? Vijana, inueni!"

Wakainua. Ndugu zangu, sitasahau asubuhi ile. Waliipeleka mlangoni ikagonga fremu. Wakaisimamisha wima, ikagusa dari. Wakaipeleka mlango wa ndani, ikakataa. Mmoja alikwenda kutazama dirisha, akakuta nondo. Yule kibarua wa siku ile ya kwanza, namkumbuka kwa sauti yake, aliinama kutafuta mguu wa kutanguliza nje, akakuta ubao umepita chini umeishika miguu yote. Akaipapasa, akainuka akijifuta jasho.

"Mzee," alisema, "hii meza imezaliwa humu."

Mama Neema alikuwa wa kwanza kucheka. Baba mkubwa akavua kofia, akashika upande mmoja yeye mwenyewe, mtu mzima na kanzu yake, akasukuma, akavuta, akahema. Hapo ndipo mama aliposema, kwa heshima zote, bila kupandisha sauti hata kidogo:

"Ilaze ubavu, shemeji. Mguu kwanza."

Baba mkubwa aligeuka. "Nani alipima kitu hiki?"

"Nilipima mwenyewe."

Ndipo akili yangu ilipofunguka. Nikauona ule uzi mweusi unavutwa pembe hadi pembe, nikaona mafundi wakishangaa mwanamke anayenyanyua samani badala ya kuzikalia. Mama hakuwa amekosea hata kwa unene wa kidole. Kule chumbani alikotulia miezi minne na siku kumi, alikuwa akisikia tena na tena jinsi vitu vyake vilivyotoka, akikiweka kila kikwazo mahali pake. Mtu alipiga kigelegele. Nadhani nilikuwa mimi.

Baba mkubwa aliondoka na mkokoteni mtupu, ukirukaruka kwenye mawe. Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa linajua. Kwa miezi watu walisimama mbele ya duka lake, wakanyanyua kiti cha plastiki, wakamuuliza kwa uso mkavu kama kinapita mlangoni. Nami sikuvuka tena barabara. Nilipita mbele yake makusudi, nikapunguza mwendo, nikamwamkia kwa sauti tamu mpaka wateja wake wakageuka. Sijapata kumpa mtu shikamoo zenye sumu kama zile. Mama alikata na kushona kwenye meza ile mpaka nikamaliza shule, nikaajiriwa, nikahamia Dodoma. Kila nilipotaka kufurahi nilijisimulia habari ya Jumamosi ile, na kila mara nilimwongezea Baba mkubwa jasho.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima. Mama alikwenda msibani, akapika na wenzake, akakaa mpaka khitma. Majuma machache baadaye nilikuja likizo nikakuta mlango wa barazani umebomolewa, umepanuliwa, umewekwa milango miwili ya kufunguka pande zote. Meza ile ingetoka pale bila hata kuinamishwa.

Nilikasirika kama mtoto. Nilimwambia ameharibu. Nilimwambia ule mlango mwembamba ulikuwa heshima yetu, ulipaswa kubaki ili wajukuu waone. Alinisikiliza huku akitafuta tundu la sindano.

"Zaituni, siku ile niko eda, shemeji alipita mlangoni kwangu akitoa vitu. Nilikuwa naijua miguu yake. Kila akipita nasema, sasa atasimama, aniambie hata pole. Ndugu yake amekufa, mimi ndiye mjane. Hakusimama."

"Ndiyo maana ukamtega."

"Nilimtega, ndiyo. Nilikuwa na hasira, sikatai. Lakini hata ile Jumamosi, alivyoshindwa, amevua kofia, nilisema moyoni, sasa atasema."

"Na angesema?"

"Ningemwita Ntandu siku ile ile, aikate, shemeji achukue mbao za ndugu yake aende nazo. Sasa hayupo wa kusema; mlango mwembamba wa nini tena?"

Uzi ukaingia. Akavuta kitambaa karibu, akaanza kushona pindo. Nilisimama pale katika mwanga mwingi wa mlango mpya, nikijaribu kukumbuka uso wa mama asubuhi ile wanawake walipokuwa wanacheka, na kwa mara ya kwanza niligundua kwamba sikuwa nimemtazama. Miaka yote ile nilikuwa nashangilia peke yangu.