Mkono Uliofika Sikioni

Harufu ya shule kwangu si chaki, ni mapanki. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu kando ya ziwa, na jioni alirudi kwetu Buhongwa na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapakiwa kwenda Ulaya. Mama aliyakaanga mpaka moshi ukaingia kwenye sare zetu zilizotundikwa ukutani. Basi Jumatatu ile, wiki yetu ya pili ya darasa la kwanza, mimi na pacha wangu Doto tuliingia darasani tukinuka samaki, tumeshikana mikono, kila mmoja na fagio lake.

Kwetu pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa, anayemfuata Doto, na kila jambo huanzia kwa Kulwa: uji, maji ya kuoga, hata viboko. Mimi ndiye Kulwa. Nilikuwa nimerefuka kama mtama. Doto alikuwa kipande cha mtu, ila kwa akili aliniacha mbali. Asubuhi ile Mwalimu Veronika alipoandika irabu ubaoni, Doto alizisoma kabla fimbo haijazifikia. Mimi nilikuwa bado nafuatisha midomo ya wenzangu.

Ndipo Mwalimu Mkuu akaingia. Tulisimama tukamwamkia kwa pamoja, naye akaitikia bila kututazama. Alisema watoto wamezidi madawati, na asiyetimiza miaka saba arudi kwa mama yake. Wengi wetu hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa. Kipimo kilikuwa mkono. Unaupitisha wa kulia juu ya utosi, na ukiligusa sikio la kushoto, umri umetimia. Nyumbani tulikuwa tumeshajaribu mara nyingi, na kila mara vidole vya Doto vilipungua kidogo tu.

Mwalimu Mkuu alianzia mlangoni, na aliyekaa mlangoni alikuwa Doto. Doto alijinyoosha, akainamisha kichwa kwa ujanja, lakini fimbo ikamwinua kidevu. Vidole havikufika.

"Mwalimu, huyu ana pacha wake humu," Mwalimu Veronika alisema kwa sauti ya chini. "Kama mmoja ana miaka saba, na mwenzake anayo."

"Mimi napima mkono, sipimi majina," Mwalimu Mkuu akamjibu, kisha akamgeukia Doto. "Nenda nyumbani, mama, urudi mwakani. Subira huvuta heri."

Doto aliokota fagio lake akatoka. Hakulia, na hilo liliniogopesha zaidi. Zamu yangu ilipofika, niliupitisha mkono juu ya utosi. Ningekunja kiwiko kidogo tu, tungerudi nyumbani wote. Nilikikunja kweli. Kisha nikaliona daftari langu jipya juu ya dawati, nikanyoosha mkono, nikalishika sikio lote. "Huyu abaki," akasema, akapita. Nilijifariji kwamba Doto ameshafika mbali na hakuona kitu. Jioni nililificha lile daftari chini ya godoro ili asilione akaumia, na nikaendelea kulificha hivyo mwaka mzima. Nilidhani huo ndio upendo.

Mwaka huu nimemwandikisha binti yangu darasa la kwanza. Waliangalia cheti chake, wakaandika jina, yakaisha. Hakuna aliyemwambia ainue mkono. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha na aibu kwa pamoja. Nikampigia simu Doto, ambaye alianza shule mwaka uliofuata, akaiacha darasa la nne bila kushika vizuri kusoma, na sasa analima mpunga Magu. Nilimwomba msamaha ambao nilipaswa kumwomba tangu siku ile.

"Nilikuona," akasema. "Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilisimama dirishani. Ulipokunja kiwiko nilikasirika, nikawa nasema moyoni, gusa, Kulwa, gusa."

Nikamuuliza kwa nini, wakati yeye alikuwa ameshafukuzwa.

"Nilijua jioni utanifundisha."