Mikunjo ya Paji la Mama

Asubuhi ile mama alikuwa anatwanga lituma, ndizi zetu za kuponda, uani kwetu, huku mtaa wa Tshopo, na mafua yalikuwa yamembana siku ya nne. Kila akiinua mchi, anapiga chafya. Papa akamtania: "Leo lituma haina lazima ya chumvi." Mama akamrushia ganda la ndizi. Mimi nilikuwa nafua koti langu jeupe la shule ya uuguzi, mwaka wa kwanza, na nilikwisha kujiona daktari mzima.

Mchana bomu la kwanza likaanguka. Majeshi mawili ya wageni yalikuwa yanagombania mji usio wao, na sisi tulikuwa katikati. Tuliegemeza magodoro madirishani, tukalala sakafuni.

Siku ya tatu mama alikunywa chai, ikamtiririka pembeni mwa mdomo. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea wote. Mdomo umevutwa kushoto, na jicho la kulia halifungi.

"Iko AVC," nikasema. Kiharusi. Neno hilo nilikuwa nimelisoma wiki mbili tu nyuma. Nikaongeza, kwa sauti ya mwalimu wangu: asitembee hata hatua moja.

Majirani walikuwa wanakimbilia mtoni kwa miguu, wapate pirogi, mitumbwi ya kuvuka kwenda Lubunga, ng'ambo ya pili. Papa aliniangalia. Aliniamini, maskini.

"Bon," akasema. "Nitaomba toleka kwa ndugu yangu. Tutamubeba mama."

Toleka ni baiskeli zetu za kubebea abiria. Akachukua mto wa kuegemeza mgongo wa mama, akatoka.

Tukangoja.

Bomu likaangukia nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Papa hakurudi.

Kesho yake alfajiri Tonton Lifeta, mzee jirani tuliyemwita mjomba kwa heshima, akapenya uani kuangalia nani amebaki. Alikuwa muuguzi mstaafu, nyumba yake nyuma ya ua wetu, na mimi sikuwa nimemwita. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tisa na koti jeupe.

Alichuchumaa mbele ya mama. Akauliza mafua yalianza lini. Akamchungulia sikioni. Akamwambia amkamate vidole kwa nguvu, ainue mguu huu, ainue ule. Nyumba ikatikisika, vumbi likatumwagikia kutoka darini. Tonton akampangusa mama uso, akaendelea.

"Mama, nyanyua nyusi. Fanya kama mutu mwenye kushangaa."

Upande wa kushoto wa paji ukajikunja. Wa kulia ukabaki laini kama sahani.

Mzee yule akatabasamu.

"Haiko AVC. Ubongo unashika paji kwa pande zote mbili. Ungepigwa ubongo, paji lingejikunja lote. Hii iko neva ya uso tu, imevimba. Mara ingine inafuata mafua. Itarudi polepole. Miguu yake iko bien. Simama, mama."

Mama akasimama.

Nimefanya kazi wodini miaka mingi tangu siku ile, na bado nastaajabu. Mji mzima ulikuwa unapasuka, na mtu mmoja akasoma mkunjo mdogo wa ngozi, akaona humo njia ya kututoa. Nilimwogopa karibu kama ninavyomwogopa Mungu.

"Nani alisema asitembee?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi, maneno yakimtoka upande.

"Mimi. Niliogopa."

Tonton akamfunika jicho kwa kitambaa kibichi lisikauke. Tukaenda mtoni kwa miguu, mama akiwa mbele, na kwenye pirogi alikaa wima mpaka ng'ambo.

Bunduki ziliponyamaza, papa alipatikana mitaa miwili kutoka nyumbani. Toleka ilikuwa imemlalia miguuni, na mto ulikuwa bado umefungwa nyuma.

Baada ya wiki sita nyusi ya kulia ya mama ikainuka. Nilimshikia kioo, nikistaajabu, kwa maana sikujua kama mwili wa mtu unaweza kujishona wenyewe hivyo. Tulilia wote wawili. Aliyekuwa na haki ya kuuona kwanza uso ule hakuwepo.

Siku hizi akija mtu mdomo umepinda, kabla ya neno lolote namwambia anyanyue nyusi. Mama amezeeka. Watu wakimuuliza papa alikufa vipi, anawajibu mbele yangu, jibu ni lile lile: "Alienda kunitafutia toleka. Niliogopa kutembea."

Sijawahi kumsahihisha.