Pilau ya Februari
Kila arudipo kutoka uwanja wa ndege, iwe asubuhi au adhuhuri, rubani yule hutundika kanga mlangoni ili majirani wajue amelala. "Popo wa Butimba huyo!" wanawake wa mtaa huo humcheka. Kokugonza, binti wa jirani, hacheki. Amepata nafasi ya kusomea urubani, lakini mama yake anamwonya kwamba kazi hiyo humnyima mtu sikukuu na familia. Leo, katikati ya Februari, kwa rubani kunanukia pilau. Watoto wake wanaimba nyimbo za Noeli, naye anacheza peku, mwiko mkononi, akiitikia kwa sauti yake nzito. Kokugonza anajikaza, anaingia uani kwa rubani.

"Shikamoo, dada. Krismasi si ilishapita?"

"Marahaba. Siku ile nilikuwa angani, mdogo wangu. Wakanisubiri."