Baba Alipogeuza Nyuzi za Gitaa

Sisi tuliokulia Tabora enzi za Mwingereza hatukuwa na redio, lakini nyumba yetu haikukosa muziki. Baba yangu alikuwa seremala, fundi wa mninga, na kila jioni akishajipangusa vumbi la mbao alikaa barazani na gitaa lake. Sisi watoto tuliacha rede, tukaja na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga viganjani, tukamzunguka.

Nyimbo alizipata mjini. Mhindi mmoja mcheshi, mwenye duka la vitambaa, alipiga santuri za rumba kuvuta wateja. Baba alisimama nje akasikiliza, kisha akarudi akipiga mluzi njia nzima ili wimbo usimponyoke. Mama alitukataza hata kumwamkia. "Mwacheni kwanza aushushe wimbo kwenye gitaa," alisema.

Masika moja tezo lilimteleza, likamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile vya kubania nyuzi. Kidonda kilipona, gitaa likabaki ukutani. Baba akawa mtu wa kujibu "ndiyo" na "hapana" tu. Mpaka siku moja mama akaliteremsha gitaa, akampakatisha.

"Baba Tereza, mkono wa kulia una vidole vyote."

"Huo ni wa kupigia."

"Basi ujifunze kubania."

Baba akafungua nyuzi zote akazipanga upya, ya juu ikaenda chini, ya chini ikaja juu. Kesho yake akaanza moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jamani, ile sauti! Hata mbuzi wa jirani walihama kivuli. Vijana waliozoea kuja kucheza walicheka, kisha wakaacha kuja. Baba hakukosa jioni hata moja. Ncha za vidole zilivimba, zikapasuka, zikaota sugu. Nami, Tereza wake, akaanza kunifundisha kila alichokipata, maana sasa sote tulikuwa wanagenzi. Tulikosea pamoja, tukacheka pamoja.

Mavuno mawili yakapita. Tukapanda treni na gitaa kwenda Urambo, harusini kwa baba mdogo. Shangazi, bila kujua habari ya vile vidole, akamwomba baba apige. Nilimwona mama akiuma pindo la khanga. Baba akaanza ile rumba iliyojulikana na kila mtu, akateleza, akatulia, akairudia. Safari hii ikatoka. Wazee wakainuka kucheza, na shangazi akapiga vigelegele. Mama alikuwa akilia.

Siku hizi mjukuu wangu ana gitaa jipya, na simu inamfundisha. Siku ya tatu alikuja kulalamika.

"Bibi, vidole vinauma."

"Vinauma, ndiyo," nikamwambia. "Endelea."

Akaliegemeza gitaa kwenye kabati, na hadi leo limesimama hapohapo. Simu yake ina nyimbo za dunia nzima. Lakini jioni ikiingia, mtaa huu mzima, ukiniacha mimi, hakuna anayeweza kukupigia hata wimbo mmoja.