Ujumbe Nilioupokea Juu ya Kichuguu

Mwaka wa tatu wa kutafuta kazi nilikuwa siwezi tena kukaa. Mama akiniambia nikae nile, nilikula nimesimama mlangoni, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nilikuwa na shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, na mtaa mzima kwetu Tabora ulijua, kwa sababu siku niliyohitimu baba yangu aliwatangazia wateja wake wote. Baba ni fundi cherehani. Anashonea kwenye baraza la duka moja karibu na soko, na hapiti mtu pale asisalimiwe na kuulizwa habari za nyumbani. Baada ya mahafali yangu wapita njia ndio waliokuwa wanamuuliza yeye.

"Binti ameshapata?"

"Yumo mbioni," baba alikuwa anajibu, mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

Mbioni nilikuwamo kweli. Kila asubuhi nilivaa kama mtu anayekwenda kazini, sketi ya bluu na ushungi uliopigwa pasi, nikatoka na bahasha ya kaki. Miezi ya mwanzo bahasha ilikuwa na barua ndani. Nilizipeleka kwa mkono katika shule za binafsi, nikaambiwa niziache kwa mlinzi. Baadaye shule zikaisha na mimi nikaendelea kutoka. Nilitembea tu. Nilishika barabara ya kwenda Kwihara, ile waliyopita wapagazi wa misafara, nikaenda mpaka jua likawa kali, kisha nikageuza. Nilijua nikirudi mapema jirani ataniona nimekaa nyumbani, na hilo sikulitaka.

Baba alikuwa na maneno yake ya kunitia moyo. Babu yake alikuwa mpagazi. "Alikwenda na mzigo kichwani mpaka pwani," alikuwa ananiambia, "miezi mitatu. Wewe unachoka kubofya simu?"

Nilikasirika kimoyomoyo. Mpagazi alijua pwani iko upande gani. Alijua akitembea leo, kesho pwani imesogea. Mimi nilituma maombi leo, na kesho sikujua kama nimesogea au nimerudi nyuma.

Mara mbili niliitwa Dodoma kwenye usaili. Mara ya kwanza tulikuwa wengi mno, tukafanya mtihani wa mchujo katika ukumbi ambao wengine walikalia madirisha kabla haujaanza, nami sikupita. Mara ya pili sikufika hata ukumbini. Getini dada mmoja mwenye orodha alichukua vyeti vyangu, akaviweka pamoja, akaangalia kimoja, akaangalia kingine.

"Jina la babu halifanani," alisema.

Nikatazama. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na herufi R, cheti cha kidato cha nne kilikuwa na L. Herufi moja.

"Ni mtu yuleyule, dada yangu. Ni babu yangu."

"Najua ni babu yako. Lakini mimi napokea karatasi, sipokei babu. Ulipaswa kuja na hati ya kiapo." Hakuwa mkali. Alinirudishia vyeti vyangu, na karatasi iliyoandikwa sababu ya kukataliwa, kwa mikono miwili, na hiyo heshima ndiyo iliyoniliza. Niliondoka getini nikatembea Dodoma nzima, sijui naelekea wapi, mpaka saa ya basi.

Nyumbani nilisema nimefanya vibaya tu. Sikutaka baba ajue, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kuniandikisha cheti cha kuzaliwa. Baba ni Mnyamwezi wa zamani, R na L kinywani mwake ni ndugu wa tumbo moja. Alitamka alivyotamka, karani akasikia alivyosikia. Lakini mama alikuta karatasi niliyopewa getini wakati anafua sketi yangu, akampa baba aisome.

 Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, wakati ambao cherehani yake haipumziki. Kesho yake baba aliifunika kwa turubai, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaenda mahakamani. Siku ya kwanza hakimu alikuwa safarini. Siku ya pili aliambiwa akalete vyeti vyote. Siku ya tatu nilikwenda naye. Tulikaa kwenye benchi, yaani yeye alikaa, mimi nilikuwa naenda na kurudi ukumbini.

"Kaa, mama," alisema. Akikasirika huniita jina langu, akinionea huruma huniita mama.

"Siwezi, baba."

"Hilo jina ni la baba yangu," alisema, anaangalia viatu vyake. "Miaka yote hii nakuona unatembea, kumbe mdomo wangu ndio uliokufungia mlango."

Nilimwambia si yeye. Nilimwambia mara ya kwanza nilifeli mwenyewe, na jina halikuwa na kosa lolote siku ile. Hakunisikiliza. Aliapa mbele ya hakimu kwa sauti kubwa kama anayemtuhumu mtu, akalitamka jina la baba yake pole pole, herufi kwa herufi, na kila mtu akasikia L. Nilipiga picha ile hati kwa simu, nikaiweka kwenye mfumo wa maombi, nikaomba kazi nyingine siku ileile.

Kisha nikasubiri tena, na safari hii kusubiri kulinishinda. Nilikuwa nafungua ukurasa wa maombi kabla ya kuswali, baada ya kuswali, nikiwa jikoni, nikiwa msalani. Mama akaniambia niondoke kidogo. Nilikuwa na rafiki tuliyesoma naye chuo, chumba kimoja miaka mitatu, binti wa familia ya Kimoraviani kutoka Ipole. Yeye alichoka kabla yangu. Alirudi kwao akawa analima tumbaku na kufuga nyuki pamoja na baba yake, na kila tukiongea kwenye simu aliniambia kazi ameshaiacha waitafute wengine. Nilipanda basi nikamfuata.

Alinipokea barabarani, amevaa gamboti na suruali ya kaka yake. Wazazi wake walikuwa uani wanafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti tayari kwa bani, kibanda cha kukaushia kwa moto.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba mwanetu. Karibu ukae." Nao pia walitaka nikae.

Nilikaa kwao wiki tatu. Nilifunga tumbaku mpaka vidole vikawa vyeusi na kunata, nilibeba maji, nilikwenda porini kuangalia mizinga waliyoitundika kwenye miti ya miyombo. Lakini nyumbani kwao mtandao haukushika. Ulishika sehemu moja tu, juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya shamba, kirefu kuliko paa la nyumba, na watu walikuwa wamekichonga ngazi kwa kupanda kila siku. Nilikuwa nakipanda asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Siku ya tano rafiki yangu alisimama chini akaniita. "Hivi umekuja kwangu au umekuja kwa hiki kichuguu?"

"Dakika moja."

"Siyo dakika moja. Hata tukila uko huko juu. Mwenzangu, mimi nililala usingizi siku niliyoacha. Jaribu."

Nilishuka nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia ameacha kwa sababu anacho cha kurudia, ana shamba, ana nyuki, mimi baba yangu ana cherehani moja na haitoshi watu wawili. Aligeuka akarudi uani. Tulifunga tumbaku mchana kutwa bila kuongea, na mama yake alituangalia mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake asubuhi, nimeshafika katikati ya shamba, nilisikia ananikimbilia. Alinipa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari. Kilikuwa na namba yake ya kuingilia na neno lake la siri.

"Ukifika juu," alisema, anatazama pembeni, "niangalizie na mimi."

Nilikumbuka kwamba kabla hajaacha kabisa alituma ombi moja la mwisho, la nafasi zilezile nilizoomba mimi, masomo yake yakiwa Jiografia na Kiswahili. Nikapanda.

Nilifungua ukurasa wangu kwanza. Palikuwa na mstari mmoja: ombi halikupokelewa, kiambatisho hakisomeki. Nikafungua picha ya hati ya kiapo. Kivuli cha mkono wangu kilikuwa kimepita juu ya muhuri wa hakimu na nusu ya jina. Siku tatu za baba yangu benchini, katikati ya msimu wa sare, na mimi nilipiga picha nimesimama, nina haraka, sikutazama mara mbili.

Kisha nikafungua wa kwake. Ameitwa kwenye usaili. Zilibaki siku kumi.

Nataka kusema ukweli wa pale juu. Sikufurahi. Niliifunga simu, nikaangalia moshi wa bani na mapaa ya chini, na nikawaza kwamba hajui. Nikishuka nikisema "hamna kitu" ataamini, atainama aendelee na tumbaku yake, siku kumi zitapita, na tutabaki wawili tulivyokuwa. Niliwaza hivyo si kwa sekunde moja. Nilikaa, mimi nisiyekaa, nikawaza mpaka jua likaanza kunichoma shingo. Karatasi yake ilikuwa kiganjani mwangu imelowa jasho, na mwandiko ulikuwa uleule alioninakilia nao somo la Falsafa nilipolazwa na malaria mwaka wa pili. Nikashuka.

"Umeitwa," nilimwambia.

Alicheka akidhani namtania. Kisha akaona uso wangu. "Na wewe?"

"Mimi sijaitwa."

"Basi siendi."

"Utakwenda."

"Nimesahau kila kitu. Nimekuwa mtu wa nyuki."

"Nitakukumbusha."

Siku zile sita zilizofuata ndizo pekee katika miaka mitatu ambazo nakumbuka kwamba nilikuwa na kazi. Tulifunga tumbaku huku namuuliza maswali. Utaandaaje andalio la somo? Mwanafunzi akija amelewa utafanya nini? Eleza tofauti ya lengo kuu na lengo mahususi. Akikosea namrudisha mwanzo. Akijibu kwa sauti ya chini namwambia apaze, mpaka baba yake, ambaye kila asubuhi alitusalimu kwa "Mwangaluka" na kupita zake, akasimama siku moja akasikiliza, akasema kwamba sasa hata yeye angeweza kujibu. Nilipomkosoa niliona makosa yangu mwenyewe. Jibu nililokuwa nimelitoa Dodoma mara ya kwanza, nikidhani ni zuri, nililisikia mdomoni mwake likiwa maneno matupu.

Alikwenda, akapita mchujo, akapita mahojiano. Akapangiwa shule huko upande wa Bukene. Aliponipigia simu kunipa habari nilimpongeza, kisha nikatoka nyumbani nikatembea mpaka miguu ikauma. Wivu haukuondoka eti kwa sababu nilitenda vema. Ulikaa wiki nyingi, na wakati mwingine alipopiga sikupokea.

Baba nilimweleza habari ya kivuli. Nilisubiri hasira. Alisimamisha cherehani, akaniomba ile hati, akaitandaza mezani pale barazani penye mwanga, akaishika ncha zote kwa vidole vyake vya ushonaji. "Piga sasa," alisema. "Taratibu. Angalia. Piga nyingine."

Nafasi zilipotangazwa tena niliomba, nikaitwa. Getini hawakuuliza kitu kuhusu jina. Nilipita mchujo, nilipita mahojiano, na jina langu likawekwa kwenye orodha ya kusubiri nafasi, na hiyo orodha nayo ilichukua karibu mwaka, na mwaka ule ulikuwa mbaya kuliko yote iliyotangulia, kwa sababu nilikuwa nimefika na bado sijaingia. Mtu akiniuliza leo ni nini kilichonifanya niendelee, namwambia ukweli. Sikuwa jasiri. Nilishindwa tu kutulia, na yule asiyeweza kutulia hujikuta ametuma ombi jingine.

Nilipangiwa sekondari ya kata wilayani Urambo. Nilifika Jumatatu, mkuu wa shule akasoma barua yangu amesimama, kwa sababu ofisi ilikuwa na kiti kimoja na alinipa mimi.

"Una uzoefu wa miaka mingapi?" aliuliza.

"Sina, mkuu."

"Kidato cha Pili hawajapata mwalimu wa Historia tangu muhula uanze. Utaanza lini?"

Nikainuka kwenye kile kiti. Alichukua boksi la chaki juu ya kabati, akanipa, akanionyesha kwa mkono darasa lenye kelele kuliko yote.