Mkwe Aliyetia Mikono Mfukoni

Tangu Hajarah Naigaga arudi kutoka Ubelgiji, kila aliyemsifu alikuwa anamtonesha kidonda, na waliomsifu walikuwa wengi. Wanawake wa soko la Jinja walimsimamisha njiani wakamwambia, "Ssenga, mafundisho yako yamefika mpaka Ulaya!" Akina mama wa Buwenge wakaanza kumletea mabinti ambao hata wachumba hawajapata. Hajarah aliwaitikia kwa adabu, akaingia ndani, akafunga mlango na kuitukana sufuria. Sufuria haikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa mkwewe Lukman, na huyo ndiye hasa aliyekuwa akimwagiwa sifa.

Hajarah ni ssenga, shangazi wa kuwafunda mabinti kabla ya kuolewa. Hufundisha upishi, usafi, na jinsi ya kumkasirikia mume bila kubomoa nyumba, lakini somo lake kubwa ni ukwe. Mama na mume wa binti yake hawapeani mikono. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno la kuambiana hulibeba mtu wa kati. Imamu Mutwalibu aliwahi kumwambia kwamba dini haikatazi mkono wa mkwe. "Sheikh," alimjibu, "dini naifuata tangu mtoto. Hii nyingine ni ya kwetu, niachie." Imamu akaiacha, maana si mtu wa kubishana naye.

Binti yake Shakira aliolewa na Lukman, kijana wa Nabuyonga kule Mbale, mtoto wa Haji Magidu na Aminah. Wamasaba, watu wa kule Mbale, nao ukwe wao ni mkali kama wa Wasoga wa kina Hajarah, kwa hiyo katika hilo hapakuwa na ubishi. Lukman alikuwa amepata kazi Bruges, mji wa kale wa Ubelgiji ambao maji yameuzunguka na kuukatakata kwa mifereji, boti zinapita kati ya nyumba za watu. Shakira aliposhika mimba alimtumia mama yake tiketi aje amwone. Hajarah alipanda ndege akiwa na wasiwasi mmoja tu: nyumba yao ilikuwa vyumba viwili vya ghorofani, na jiko la kupishana kwa mbavu.

Na kusema kweli, mambo yalikwenda vizuri. Lukman alikohoa mlangoni kabla ya kuingia, Hajarah akajitanda shuka na kuugeukia ukuta. Mmoja Mmasaba, mwingine Msoga, kwa hiyo lugha ya nyumba ikawa Kiswahili, nacho kilipitia kwa Shakira.

"Ambia mama chai iko tayari," Lukman alisema akiwa jikoni.

"Ambia huyo bwana nimeiona," Hajarah alijibu akiwa sebuleni.

Walisikiana vizuri kabisa, lakini Shakira aliyarudia yote, huku akishika kiuno. Hajarah alilala kila siku akiwa amejaa fahari. Huyu, alijiambia, amelelewa.

Siku chache kabla ya kurudi, Shakira alisema haiwezekani mama aondoke bila kuuona mji. Hajarah akavaa gomesi yake ya kijani, lile vazi refu la akina mama wa Uganda lenye mabega yaliyosimama, akafunga mshipi wa hariri, akatia sweta juu kwa ajili ya baridi. Mama na binti wakashika ukingo mmoja wa mfereji, Lukman akashika ukingo wa pili. Walipokwenda alikwenda, waliposimama alisimama, na penye daraja alingoja wavuke kwanza. Watalii waliwatazama wakadhani ni mchezo wa kuigiza. Hajarah hakujali. Alitazama nyumba zenye paa za ngazingazi, mnara uliopiga kengele mpaka masikio yakauma, na farasi wa kukokota watalii, waliolishwa vizuri kuliko askari wa Jinja. Kwenye dirisha la duka aliona vitambaa vya nyuzi kama vile anavyotandika kwenye makochi ya nyumbani kwake Walukuba, Jinja. Alipoambiwa bei yake alicheka kwa sauti, muuzaji akanuna.

Saa ya chakula walikaa nje, kando ya maji. Lukman alichukua meza ya mbali akawapa mgongo. Msichana wa kuhudumia alimwuliza Shakira kwa sauti ya chini kama yule bwana amewakosea nini. Kisha akaleta chungu cheusi kilichojaa kome, wale viumbe wa majini wenye magamba meusi, mvuke unapanda. Hajarah alikuwa ameshainua kijiko simu ya Shakira ilipolia.

"Ambia mama asiguse," sauti ya Lukman ilisema. "Hapa wanatia divai ndani. Mimi nimeuliza jikoni."

Hajarah aliweka kijiko chini. Akamtazama binti yake, aliyeagiza bila kuuliza, akautazama mgongo wa mkwe wake kule mbali. Walimletea samaki na viazi vya kukaanga, akala na moyo mweupe. Mwanaume aliyemgeuzia mgongo kwa heshima, na bado akalinda mdomo wake usiingie haramu! Siku hiyo, mpaka dakika hiyo, angemtetea Lukman mbele ya yeyote.

Baadaye wakapanda boti ya kutembeza wageni. Lukman alikaa nyuma kabisa, Hajarah mbele. Mama mmoja mwenye kofia ndiye aliyekuwa nahodha, akieleza habari za mji kwa lugha zote isipokuwa za kwao, na penye madaraja ya chini alipiga kelele watu wainamishe vichwa. Hajarah aliinamisha, akainua, akacheka. Alikulia kando ya Nile na hakuwahi kupanda boti, na hapo alijiona msichana.

Boti ilirudi penye ngazi za mawe. Lukman aliruka wa kwanza kwa upande wa nyuma, ili asipishane na mama mkwe, akasimama ngazini kumngoja Shakira na tumbo lake. Lakini Hajarah ndiye aliyetangulia. Aliinua mguu wa kwanza, wa pili ukakanyaga pindo la gomesi, na boti nayo ikasogea kidogo kutoka ngazini. Akanyoosha mkono. Mtu wa karibu alikuwa Lukman, karibu kiasi cha kuona kifungo kilichokatika kwenye koti lake. Wakatazamana usoni, kwa mara ya kwanza tangu arusi. Lukman aliuangalia ule mkono. Halafu akatia mikono yake miwili ndani ya mifuko ya koti.

Hajarah akaanguka majini.

Gomesi ni nguo nyingi, na ikinywa maji haiachi. Mshipi ulimzunguka miguu, baridi ikambana kifua, akaita kwa Kisoga majina ya watu waliokwisha kufa. Waliomtoa ni nahodha yule mwanamke, kwa mti wenye ndoano, na mzungu mmoja mnene aliyetupa aiskrimu yake, akalala kifudifudi juu ya jiwe na kumshika makwapani, akamvuta kama anayevuta gunia la mihogo. Shakira alikuwa analia ndani ya boti. Lukman alikuwa amesimama palepale, mikono mfukoni.

Jioni, Hajarah akiwa amefungwa mablanketi, meno yakigongana, alimsikia Shakira jikoni akipiga simu Mbale. Mtalii mmoja alikuwa amepiga video, na Shakira alitaka kuwahi kabla watu hawajaiona. "Ni adabu tu, mama Aminah," alisema. "Hata mama alipoanguka, Lukman hakukubali kumgusa. Alikumbuka ukwe." Hajarah alitaka kupiga kelele, lakini sauti ilikuwa bado iko mferejini. Ndege iliposhuka Entebbe, habari ilikuwa imeshamtangulia nyumbani, imevaa vizuri, na kila mtu ameipenda.

Hapo ndipo hasira yake ilipokaa. Kumlaumu mkwe wake ilikuwa kama kuchana somo lake mwenyewe mbele ya mabinti wote wa Jinja. Kunyamaza kulikuwa kubaya zaidi. Shakira angejifungua mwezi wa nane, katika mji ule wa maji, hana ndugu wala jirani, na mtu wa kumshika mkono ni huyu mwenye mifuko. Hajarah alitaka kujua kitu kimoja: je, Lukman alikumbuka adabu, au ni mtu wa kurudisha mkono tu? Aliuliza moyoni akikanda unga, aliuliza akiswali. Kila akipata jibu la kumtuliza, aliuona ule uso tena. Haukuwa uso wa mtu anayekumbuka mafundisho.

Kisha Aminah akatuma mwaliko. Familia ya Nabuyonga ilikuwa imeandaa chakula cha kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto mwenye heshima.

Hajarah alikwenda Mbale kama mtu anayekwenda kwenye kesi. Alikuta hema limefungwa uani, majirani wamejaa, na kwenye meza kuna wali, nyama, na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyopikwa kwa karanga. Alipewa kiti cha mbele. Haji Magidu alikaa mbali naye akitazama sahani, kama inavyotakiwa. Aminah akasimama, ametia manukato, na hotuba yake akaitoa kwa Kiswahili ili Wasoga waliokuja na mgeni wasikie.

"Mimi nasema hivi. Watoto ya siku hizi iko wengi, lakini yenye heshima iko ngapi? Lukman yangu aliona mama mkwe ndani ya maji, lakini mkono hakutoa! Nani hapa mtoto yake anaweza hiyo?"

Watu wakapiga vigelegele. Aminah akamwekea Hajarah magotini gomesi mpya ya zambarau, ndani ya nailoni. "Hii ya kukausha ile ingine," alisema, na watu wakacheka. Hajarah hakucheka. Aliishika ile nailoni mpaka ikapiga kelele.

Halafu wakampigia Lukman kwa simu ya picha. Aminah aliielekeza simu kwa majirani, akahakikisha Hajarah haoni ila mgongo wa simu. Lukman akasalimia. Sauti ilikuwa ndogo. Majirani walimsifu mmoja baada ya mwingine, na kila aliposifiwa alijibu "asante" kama mtu anayemezeshwa dawa. Hajarah aliisikia hiyo "asante". Akasimama.

"Lukman!"

Ua wote ukamgeukia.

"Mama Shakira," Aminah alisema haraka, "neno yako pitisha kwangu, mimi nitamwambia."

"Hapana. Wewe utalipaka sukari." Alimpokonya simu, akaigeuza, akamwangalia mkwe wake usoni mbele ya watu wote. Mwanamke mmoja akaziba mdomo. "Lukman, ni mimi nasema nawe, usitafute mtu wa kati. Siku ile nilikunyooshea mkono. Ulikumbuka adabu, au uliogopa?"

"Mama..."

"Nijibu! Nimesifiwa kwa ajili yako mpaka nimechoka. Mzungu ambaye sijui hata jina lake amenishika makwapa mbele ya mji mzima, na wewe niliyekupa mtoto wangu umesimama kama nguzo ya umeme. Ulikumbuka, au uliogopa?"

Lukman alifuta uso kwa kiganja. Nyuma yake Shakira alionekana mlangoni, tumbo mbele, akitikisa kichwa asiseme.

"Niliogopa, mama," alisema. "Maji mimi nayaogopa tangu zamani. Nilifikiri ukinishika tutaingia wote. Adabu alisema Shakira baadaye, na mimi nikanyamaza. Kila siku nataka kusema, halafu watu wanapiga simu wananisifu."

Haji Magidu aliinua macho kutoka kwenye sahani. Aminah akauliza, "Anasema nini? Mtoto yangu anasema nini?" ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

Hasira ya Hajarah haikupungua. Iliongezeka, kwa sababu sasa ilikuwa imepata watu wa kuwagawia. Aliirudisha gomesi ya zambarau mezani, kando ya sinia la malewa, na kwa macho tu akamzuia Aminah aliyekuwa anakuja kuchukua simu.

"Na wewe Shakira uliyejificha hapo nyuma, siku nyingine mumeo akiogopa sema ameogopa. Usinitumie mimi kumfunika." Shakira alianza kulia. Mama yake hakumbembeleza. "Lukman. Wiki hii tafuta mahali wanapofundisha watu kuogelea. Wakikuweka pamoja na watoto wadogo, kaa nao. Mke wako anazaa mwezi wa nane, na hapo kwenu ukifungua mlango unakutana na maji. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Salamu ya mkono usinipe. Meza moja na mimi usile. Hayo nimeyafundisha na nitayafundisha mpaka nife." Sauti yake sasa ilikuwa inasikika mpaka kwa majirani wa ng'ambo ya barabara. "Lakini nikianguka, mpumbavu wewe, nishike!"

Akamkabidhi Aminah simu yake, akauliza vyombo vya kunawia viko wapi, maana mikono yake ilikuwa imelowa jasho.